Barua ya Thelathini na Mbili

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, walioajiriwa na wanaosubiri kuajiriwa, kwamba mimi ndiye mwandishi bora wa barua rasmi aliyepata kulala katika mabweni ya shule yetu. Ni mimi niliyebandika ubaoni barua yenye namba ya kumbukumbu, muhuri wa kiazi na nakala kwa mpishi mkuu, nikitangaza kwamba kengele ya alfajiri imestaafu kwa heshima baada ya miaka ishirini ya utumishi. Wasichana mia mbili walilala hadi saa mbili. Mimi nikasugua vyoo wiki tatu. Cheo changu nakitaja mapema kwa sababu ndicho kilichonifikisha hapa nilipo, na hapa si mahali pazuri.

Niliporudi likizo nilimkuta kaka yangu amekonda. Kaka ni msanifu majengo. Mama humwita Injinia tangu siku aliyofuzu, naye alijaribu kumsahihisha mara mbili tatu akachoka.

"Mama, injinia ni mwingine."

"Si wote mnajenga?"

Ana miaka ishirini na tisa, ana shahada, ana tai mbili, na ana chumba cha uani kwa Mama alichokichukua kwa muda tu. Muda huo sasa umefika mwaka wa tatu. Miaka hiyohiyo mitatu amekuwa akifanya kazi katika ofisi ya bosi tunayemwita Mzee Rula, kwa jinsi alivyonyooka mgongo na roho. Halipwi mshahara. Hupewa nauli, na kazi yake ni kuchora vyoo. Ghorofa likija, Mzee Rula huchora uso wake, Kaka huchora vyoo vyake, na sahihi inayowekwa chini ni ya Mzee Rula peke yake.

Usiulize kwa nini haachi. Nilishamuuliza mimi. Akanionyesha picha ya daftari lenye jalada gumu, aliyoipiga kwa simu kwa sababu daftari lenyewe hukaa kwenye droo ya bosi. Ni daftari la mazoezi ya kazi. Bodi ya wasanifu haimpi mtu leseni mpaka bosi wake athibitishe kwa sahihi, ukurasa kwa ukurasa, kwamba amefanya kazi chini yake miaka mitatu. Bila leseni wewe ni mtu anayejua kuchora tu, kama mtoto wa chekechea. Mzee Rula hakuwa akisaini kila mwezi kama wenzake. Alisema atasaini kurasa zote siku ya mwisho. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

"Wiki tano ni nini kwa aliyemeza miaka mitatu?" alisema Kaka. "Nakaza meno tu."

Siku moja alisahau simu, Mama akanituma nimpelekee. Ilikuwa saa ya chakula. Nilimkuta nje, analizunguka jengo la ofisi taratibu, mikono mfukoni, kama mtu aliyetoka kula akashiba. Nikasimama kwenye kona. Akapita. Baada ya dakika chache akapita tena.

"Umekula, Kaka?"

"Nimeshiba. Nanyoosha miguu."

Tumbo lake likamkanusha palepale, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Nikatazama chini ili asione kwamba nimesikia, ndipo nikaona viatu. Mahali ngozi ilipochanika alikuwa amepaka wino wa kalamu ya kuchorea. Kwa mbali viling'aa kuliko vya Mzee Rula.

Shangazi alimpigia Kaka simu hata kabla sijaondoka.

"Msomi wetu, bati langu limechukuliwa na upepo."

"Nimekusikia, Shangazi. Mwisho wa mwezi nitaangalia."

"Mwisho wa mwezi upi, mwanangu? Maana miezi ya mwaka jana imeshapita yote."

Sasa tuje kwenye faili. Kaka alikuwa na faili la barua za kukataliwa, thelathini na moja, zimepangwa kwa tarehe kama nyaraka za taifa. Zote zilianza na neno Tunasikitika. Alikuwa akizifungua amesimama mlangoni, akisoma mstari mmoja tu, kisha anazitoboa na kuzihifadhi. Sijapata kumwona akisoma wa pili.

"Ukishaona kichwa cha nyoka," aliniambia, "huna haja ya kupima mkia."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Yaandikwe hivyo.

Nilitaka acheke. Tangu nirudi hakuwa amecheka hata mara moja, na zamani Kaka alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Mwanzoni mwa faili, nje ya hesabu hiyo, kulikuwa na barua ya kumwita kwenye usaili, kutoka kampuni kubwa iliyomhoji miezi miwili nyuma kisha ikanyamaza. Jumamosi nikaipeleka duka la kuchapisha, nembo ikanakiliwa, nami nikaketi kuandika kwa utulivu wa mtu anayetunga katiba.

*Tunayo furaha kubwa kukuarifu kwamba umechaguliwa kujiunga nasi kama Msanifu Mwandamizi.* Hiyo ndiyo aya ya kwanza. Ya pili ilisema: *Majukumu yako ni kuosha sufuria za mama yako kila Jumapili na kumnunulia mdogo wako soda. Mshahara ni shukrani, kama ulivyozoea.*

Nilipoandika mstari huo wa mwisho nilicheka peke yangu hadi mwenye duka akanitazama.

Jumatatu asubuhi barua ilikuwa chini ya mlango wa mbele. Mama alikuwa kwa jirani na ndoo zake, kwa kuwa maji yalikuwa yamekatika tangu Jumapili. Mimi nilikuwa uani bombani, napiga mswaki, kwa hiyo sikuona kitu. Niliporudi ndani, Kaka na barua walikuwa wameshaondoka. Nikajua ameisoma, amecheka, na sasa anapanga namna ya kunilipizia.

Alirudi saa sita mchana. Kaka harudi saa sita. Tai ilikuwa mfukoni na begani alibeba kreti la soda alilolikopa dukani.

"Mama, nimepata," alisema. "Ile kampuni kubwa. Nimemaliza na Mzee Rula."

Mama alikaa kwenye kiti kabla ya kukiangalia kama kipo. "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia miaka mitatu nimemchorea vyoo, sasa ajichoree. Nimemwambia mbele ya ofisi nzima kwamba yale majengo anayojisifia, kitu pekee kinachofanya kazi ndani yake ni vyoo vyangu."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Na daftari?"

"Amelifungia. Ameniambia hasaini daftari la mtu asiyemjua." Alifungua soda ya kwanza akanipa mimi. "Likae hukohuko. Huko niendako nitaanza upya, lakini kwa mshahara. Kunywa, mdogo wangu."

Nilikunywa. Sijui ilikuwa soda gani.

Saa tisa Shangazi alikuwa ameshafika. Mama akasema, "Binti, wewe una sauti ya shule ya bweni. Tusomee hiyo barua vizuri, wote tuisikie." Kaka akaitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Bado ilikuwa imekunjwa katikati. Nusu ya chini hakuna aliyeigusa.

Nikasimama. Aya ya kwanza niliisoma kama ilivyo. Kisha nikaikunjua, nikaziona sufuria za Mama.

"Utaanza kazi," nikasoma, nikitazama mahali palipoandikwa soda, "tarehe mosi ya mwezi ujao. Utapewa mshahara mnono, nyumba, na usafiri."

"Bati langu hilo," alisema Shangazi.

Kaka alikuwa ametoa kalamu ya kuchorea. Yeye ni mtu wa vipimo. "Rudia tarehe, niiandike."

"Tarehe kumi na tano."

Kalamu ikasimama.

"Umesema mosi."

"Mosi, ndiyo. Ya kumi na tano ni ya nyumba."

Kaka alinyoosha mkono tu. Ilikuwa barua ya thelathini na mbili, na ya kwanza kuisoma mpaka mwisho. Alipofika kwenye shukrani alirudia, midomo ikimtembea.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka ucheke."

Akanitazama. Kisha akajaribu. Nasema kweli tupu, alijaribu kucheka, kwa ajili yangu, na ile sauti iliyotoka ilimfanya Shangazi aweke soda yake chini taratibu kama mtu aliye msibani.

Jumanne tulikwenda ofisini wote wawili, nami nikiwa na barua ya kuomba radhi. Kwenye kiti cha Kaka alikuwa ameshakaa msichana mwenye viatu vipya, anachora choo. Mzee Rula alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Barua ile aliiandika mtoto," alimwambia Kaka. "Maneno ya jana uliyasema mwenyewe." Akafungua droo, akampa daftari. Kurasa zote zilikuwa zimejazwa mwandiko wa Kaka, mdogo, ulionyooka. Mahali pa sahihi palikuwa peupe, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Tulipotoka ilikuwa saa ya chakula. Kaka akaanza kulizunguka jengo, kwa mazoea tu, daftari kwapani. Nikamfuata. Kwenye mzunguko wa pili akaniuliza, bila kugeuka:

"Jana nilipokuwa naisoma pale mlangoni, wewe ulikuwa wapi?"

"Uani bombani, Kaka. Napiga mswaki."

"Bomba halina maji tangu Jumapili."

Nawe msomaji nilikudanganya hivyohivyo, kule juu. Nikasimama. Yeye akasimama hatua mbili mbele yangu, akisubiri.

"Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni," nikasema. "Nilikuona ukikaa sakafuni. Nilikuona ukifuta macho kwa tai, na ukiikunja barua kabla ya kufika chini. Nilijua hujamaliza kuisoma. Ningetoa mswaki mdomoni nikakuita tu, ungesimama."

"Sasa kwa nini hukuniita?"

"Kwa sababu ilikuwa barua nzuri, Kaka. Nilikuwa naiangalia inavyofanya kazi."