Kila Nyumba na Kagure Wake

Jina moja liliitwa, wanawake wawili wakasimama.

"Kagure Mutahi!" Sista Gladwell, muuguzi, alirudia kutoka mlangoni, kana kwamba kulitaja tena kungemketisha mmoja wao. Hakuketi mtu. Wanawake hao, wote wa makamo, wote na vitambaa kichwani na matope mekundu ya Gakindu kwenye viatu, walitazamana, wakacheka, kisha wakaanza kusukumana kwa heshima: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe.

Ndani, mbele ya kompyuta, Gaceri hakucheka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Julai ya mwaka 1996, na baridi ilikuwa ya kung'ata mifupa. Gaceri alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya biashara, upande wa mifumo ya habari ya kompyuta, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha mradi wake katika zahanati hii ya kanisa. Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, alitoka chumba chake cha kupanga Majengo, akaja hapa kuingiza kadi za wagonjwa moja baada ya nyingine mpaka vidole vikafa ganzi. Nyuma yake, faili mapajani, aliketi Mwalimu Kyalo, mtahini wake, mtu asiyetoa tabasamu bure. Akimpitisha, Gaceri atahitimu na kazi aliyoahidiwa Meru itamngoja. Akimwangusha, atarudia mwaka mzima, na kazi itapewa mwingine.

"Aingie yeyote kati yao," Kyalo akasema. "Tuone mfumo unavyofanya kazi."

Yule mrefu akaingia akichechemea. Gaceri akaandika jina. Skrini ikatoa mstari mmoja: Kagure Mutahi, Gakindu, 1948. Mmoja tu.

Hapo ndipo alipokumbuka ukurasa wa kumi na nne wa ripoti yake. Kadi za rafuni zilikuwa mia nne na kumi na mbili, lakini nyingine zilifanana jina, jina la baba, kijiji, hata mwaka wa kuzaliwa. Alidhani ni uzembe wa makarani, kumwandikia mtu mmoja kadi mbili. Basi akatunga programu fupi, mistari tisa tu, ya kubakiza kadi ya kwanza na kufuta zinazofanana nayo. Ishirini na tatu zilifutika kufumba na kufumbua. "Data imesafishwa," aliandika, akajiona bingwa. Kyalo mwenyewe aliipigia mstari sentensi hiyo na kuandika pembeni: Vizuri.

"Mama," Gaceri akauliza, "yule aliyebaki nje ni nani wako?"

"Ni sista yangu. Baba ni mmoja. Mzee Mutahi alikuwa na mabibi watatu. Mimi ni wa nyumba ya Ngendo, yule ni wa nyumba ya Nyaguthii. Ile nyumba ingine pia iko na Kagure yake, aliolewa Kangari, lakini akikuja kuona mama anatibiwa hapa hapa."

"Wote watatu Kagure?"

"Si ni jina ya mama ya mzee? Kila bibi, msichana wake wa kwanza anapewa hiyo." Mama yule alimtazama kwa huruma. "Kwani kwenu mnaitana aje?"

Kwao Gaceri baba alikuwa na mke mmoja na nyumba moja, naye hakuwahi kufikiria nyumba nyingine. Na mwaka wa kuzaliwa je? Ah, mama alisema, mwaka ulikuwa wa kukisia tu, wazee waliwakisia wote ule ule.

Sista Gladwell alikuwa amekwisha kufungua bandeji. Kidonda cha mguuni kilikuwa kibaya. "Huyu namdunga penisilini sasa hivi," akasema. Alikuwa amehamishiwa hapa mwezi uliopita tu na hakuwajua wagonjwa. "Kompyuta inasema aje? Ako na shida na hiyo dawa?"

Skrini ilisema: Hakuna.

Lakini Gaceri aliukumbuka wino mwekundu. Aliwahi kuingiza onyo lake kwa mkono wake, kutoka kadi ya Kagure mmoja, hakujua yupi: Asidungwe penisilini.

"Mama, penisilini imewahi kukudhuru?"

"Mimi nimedungwa mingi, mwanangu. Nitajua ni gani?"

Kupitia dirishani ilikuja harufu ya mafuta ya taa. Kingori, mlinzi wa zahanati, alikuwa akiyamwaga juu ya takataka shimoni. Kando yake yalikuwa magunia mawili ya kadi za zamani. Gladwell alitaka rafu ziwe wazi, na Gaceri mwenyewe, juzi, ndiye aliyesema kadi zinaweza kuchomwa.

Angeweza kusema mfumo umekwama kidogo. Wangemwita mgonjwa mwingine, mwenye jina la peke yake, Kyalo angetoa alama, na kesho angerudi kimyakimya kurekebisha. Ila kesho kadi zitakuwa jivu. Sista alikuwa akivuta dawa kwenye sindano.

"Usimdunge!" Gaceri akapiga kelele, akatoka mbio. "Kingori! Wacha hiyo kiberiti!"

Kingori akabaki na njiti isiyowashwa mkononi. Gaceri akaburura gunia la kwanza hadi ndani, akapiga magoti sakafuni, akafukua. Aliipata kadi yenyewe. Wino mwekundu ulikuwepo, na pembeni, kwa penseli hafifu, maneno aliyoyaona mara nyingi na kuyaruka kwa sababu fomu yake haikuwa na mahali pa kuyaweka: nyumba ya Ngendo.

Gladwell aliisoma kadi mara mbili. Akaiweka sindano chini polepole, kisha akaketi.

"Mwalimu," Gaceri akasema, angali amepiga magoti, "ukurasa wa kumi na nne si kweli. Sikusafisha data. Nilifuta watu."

Kyalo akafungua faili. "Unajua ripoti hiyo ilishafika idarani?"

"Najua."

"Na mimi natoa alama kwa nilichokiona."

"Najua, mwalimu."

Kyalo akaanza kuandika, akaandika kwa muda mrefu, na Gaceri hakuthubutu kuangalia. Alirudi kwenye kompyuta. Akaongeza nafasi mpya kwenye fomu, akaiita Nyumba. Akaandika Ngendo. Akaandika onyo la penisilini kwa herufi kubwa. Kisha akamwita wa Nyaguthii, naye akaandikwa, na wawili hao wakainama pamoja mbele ya skrini.

"Huyo ndio mimi?" wa Ngendo akauliza.

"Ndiye wewe, mama."

"Na yule wa Kangari? Hayuko hapa leo, lakini hapo ndani yuko?"

Nje, gari la chuo lilipiga honi. Kyalo akatazama saa, akafunga faili bila kulionyesha kwa mtu, akabaki ameketi. Kisha, kwa ncha ya kiatu, akalisogeza gunia karibu na kiti cha Gaceri.

"Bado," Gaceri akamjibu mama yule, akatia mkono guniani.