Kamera Juu ya Bomba

Kilichomkosesha usingizi Baba Pacha kilikuwa mkono. Si mkono wake, maana wake aliujua: una makovu ya misumeno na kucha zisizotakata hata ukizisugua kwa sabuni ya unga. Ni mkono wa mwanamume mwingine, laini, wenye saa ya kung'aa, alioukuta umetulia juu ya mkono wa mkewe mchana kweupe.

Ilikuwa hivi. Baba Pacha ni fundi bomba, na siku hiyo alikuwa ameitwa kuzibua sinki karibu na ukumbi mmoja wa harusi. Mkewe, Mama Pacha, kazi yake ni kupiga video za harusi, na alikuwa ndani ya ukumbi huo huo. Mapacha wao wako shule ya bweni, nyumbani hakuna anayesubiri kupikiwa, basi fundi akaona ampitie mkewe warudi pamoja. Akasimama mlangoni na mkoba wake wa spana, suruali imelowa magotini.

Mama Pacha alikuwa ameshika fimbo nyeusi yenye kamera juu na vyuma vidogo chini. Katikati ilikuwa na kiungo kinachocheza chenyewe, hata mtu akikimbia au akipanda ngazi, kamera juu imetulia tuli. Nyuma yake alisimama mwenye fimbo, mpiga video mwenzake ambaye watu wote wanamwita Maridadi, na anastahili, shati lake halijui kukunjana. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kiganja cha Mama Pacha, anamwelekeza.

"Usiibane. Legeza vidole. Iache ielee."

Fundi akakohoa. Mkono ukaondoka, lakini ukaondoka taratibu, kama mkono usio na kosa, na hilo ndilo lililomkata maini.

Njiani mkewe hakuwa na habari nyingine.

"Baba Pacha, ungeona ile picha inavyoteleza. Yangu mimi inatetemeka kama nimepiga nikiwa na homa."

"Nimeona."

"Umeiona picha?"

"Nimeona," akasema fundi, akahamishia mkoba bega la pili.

Mambo yalizidi kuwa mabaya walipofika nyumbani. Mama Pacha alivua viatu, akakaa kwenye kigoda akijikanda nyayo, akatoa habari iliyokuwa imemjaa. Maridadi amepata kazi ya harusi kubwa katika mji mwingine, shughuli ya siku kadhaa, na anamtaka waende pamoja. Hajamjibu bado.

"Mbona hujamjibu?" fundi akauliza, moyo ukimpiga kama pampu iliyokosa maji.

"Nitakwenda na nini? Fimbo ni yake. Nitakuwa wa kumbebea begi, na nikipewa kupiga, napiga kwa hisani yake. Nimekaa kwenye kazi hii kabla yake, Baba Pacha. Sitaki kwenda kama mtoto wa kufundishwa."

Yaani kilichomzuia si mume, ni fimbo. Fundi alilimeza hilo kama mtu anayemeza mfupa wa samaki. Kisha akasema neno ambalo hata yeye hakujua limetoka wapi.

"Nitakutengenezea yako."

Mama Pacha hakucheka. Alichukua simu, akamwonyesha video ya mtu mmoja aliyeunda fimbo ya namna hiyo kwa vipande vya bomba la maji. Fundi alivuta kigoda, akaangalia mpaka mwisho, kisha akairudisha tena mwanzo. Bomba analijua. Alitazama vile mtu anavyotazama jirani akipika chakula ambacho yeye mwenyewe anakiweza.

Ila mwisho alikunja uso. "Huyu si fundi. Umeona ile nati kubwa? Ameiacha nusu. Hajaikaza. Kwangu mimi angefukuzwa siku ya kwanza."

Kesho yake akaenda duka la vifaa vya ujenzi, la mama mmoja ambaye mafundi wanamwita Mama Misumari, si kwa bidhaa zake tu bali pia kwa ulimi. Alikuwa amebeba kamera ya mkewe ndani ya taulo. Aliifunua juu ya kaunta, akajaribu boliti moja baada ya nyingine kwenye tundu lililo chini yake, kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayemnywesha dawa mtoto mgonjwa, mpaka akapata iliyoingia bila kulazimishwa.

"Nipe na tii moja," akasema, "kona moja, vizibo vya chuma, nati ya masikio, washa zile pana, na yunioni." Yunioni ni kile kiungo chenye nati kubwa katikati, ambacho humwezesha fundi kufungua bomba bila kulikata.

"Nani amevujiwa kwa namna ya ajabu hivyo?"

"Hakuna aliyevujiwa. Natengeneza kishikio cha kamera ya mama."

"Kwani cha yule kijana wa saa kimeharibika?"

Washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, zikamtoka fundi mkononi, zikatawanyika sakafuni. Kumbe mpaka huku wanajua. Aliinama kuziokota na hakuharakisha kuinuka, maana uso ulikuwa unamwaka.

"Weka na ile tepu nyeupe ya kuzungushia uzi wa bomba," akasema akiwa bado chini.

"Tepu ya nini? Kamera inapitisha maji?"

"Weka, mama."

Kazi aliifanyia uani, kwenye kivuli cha ukuta wa bafu. Alikata bomba, akalipiga uzi ncha zote. Alitoboa kizibo cha juu katikati, akapitisha boliti kutoka ndani ichomoze juu, akaweka kipande cha mpira wa baiskeli ili kamera isichubuke tumbo, kisha ile nati ya masikio ya kubania. Chini ya bomba alifunga sahani ya chuma, ya wale wanaonyanyua vyuma kujenga kifua, iwe uzito wa kuivuta fimbo isimame wima. Ubavuni, kwenye ile tii ya njia tatu, akatoa bomba fupi, akafunga yunioni, akamalizia kwa kona na mpini wa kushika, akauvalisha kipande cha mpira wa bustani. Kila uzi aliuzungushia tepu. Kila kiungo alikikaza kwa spana mpaka chuma kikalia, na ile nati kubwa ya yunioni aliikaza kwa uzito wa mwili mzima. Wakati anaikaza alikuwa anaiona ile saa ya kung'aa. Kisha akapaka rangi nyeusi, tena mara mbili.

Kwa macho ilikuwa nzuri. Mama Pacha aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mumewe mpaka fundi akaona haya. Akafunga kamera, akatembea nayo kichochoroni, kwenda na kurudi. Walipokaa kuangalia, picha ilikuwa inaruka kama kuku aliyefungwa mguu.

"Labda ni mimi," mkewe akasema. "Labda sijaizoea."

Fundi alijua mtu anapoambiwa hivyo anahurumiwa, na huruma ya mke ilimuuma kuliko dhihaka ya Mama Misumari.

Jumapili, kabla hata vyombo vya chai havijatolewa mezani, Maridadi mwenyewe akaja kutaka jibu. Alivua viatu mlangoni kwa adabu zote. Laiti angekuwa jeuri, ingekuwa rahisi.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo," akajibu fundi, ambaye hakukumbuka ni lini alimwozesha mtu huyu dada yake.

Maridadi akaiona fimbo imeegemezwa pembeni mwa kabati. Akaomba ruhusa, akaichukua, akaigeuza huku na huku, na macho yake yakawa ya mtu anayependa vitu.

"Hii umeunda wewe, shemeji? Kazi nzuri sana. Ya kwangu ya dukani si imara hivi." Akaujaribu mpini. "Ila hapa tu. Kiungo hiki hakichezi. Kikiganda hivi, mtetemo wote wa mkono unapanda mpaka kwenye kamera."

"Kikicheza kitavuja," akasema fundi.

Mama Pacha akaguna puani, akajikaza, akashindwa. Maridadi naye akajitazama vidole vya miguu, mabega yanamtikisika. Wakatazamana, ndipo wakacheka kwa sauti, wote wawili, kwa pamoja, kicheko cha watu wa kazi moja. Fundi alitabasamu kwa sababu uso lazima uwe na kitu. Lakini ule mkono juu ya mkono haukuwa umemchoma kama kicheko hiki.

"Nipe mpaka kesho nikujibu," Mama Pacha akamwambia mgeni alipoaga.

Mlango ulipofungwa, akamgeukia mumewe. "Usikasirike. Mtu umetumia maisha yako yote kuzuia vitu visivuje."

"Sijakasirika."

"Utailegeza?"

"Mimi silegezi kiungo nilichokaza. Watu watasema nini?"

"Watu gani, Baba Pacha? Ni bomba halina maji."

Fundi akatoka kwenda uani, akageuza ndoo, akaikalia, fimbo mapajani. Alikaa hapo akiwaza kwa utaratibu, kama anavyotafuta mahali bomba lilipopasukia ndani ya ukuta. Akiiacha imekazwa, mkewe hatakuwa na fimbo. Asipokuwa na fimbo, huenda asiende. Hilo lilimpendeza. Lakini akamkumbuka alivyokuwa akijikanda nyayo kwenye kigoda, na alivyosema amekaa kwenye kazi hii kabla ya yule. Huyu atakwenda. Kama si safari hii, ijayo. Na akienda mikono mitupu, atashika fimbo ya Maridadi, na Maridadi atasimama nyuma yake, na kile kiganja kitashuka taratibu juu ya kiganja. Legeza vidole. Iache ielee.

Fundi akainuka, akachukua spana.

Nati iligoma. Alikuwa ameikaza vizuri mno, na kwa mara ya kwanza maishani aliulaani ustadi wake. Akaing'ang'ania, jasho likamchuruzika mgongoni, ikakubali kwa mlio mkali. Akabandua tepu nyeupe, uzi baada ya uzi. Akatia grisi kwa kidole. Akairudishia nati kwa mkono tu, bila spana, akaiacha pale ambapo mwanafunzi angefokewa. Mkono wake ulikuwa unaitamani ile spana kama mtu anavyotamani kujikuna. Akaushika mpini, akauinamisha: bomba halikumfuata. Lilining'inia, likayumba, likatulia wima lenyewe. Akainamisha upande wa pili. Likatulia vile vile. Akaongeza washa moja chini ya sahani, likatulia upesi zaidi.

"Mama Pacha," akaita. "Njoo na kamera."

Mkewe alianza kutembea tangu mlango wa jikoni, akashuka kile kidaraja cha ngazi kilichovunjika, akapita kwenye kamba ya nguo, akaja mpaka aliposimama mumewe. Kisha wakasogeza vichwa pamoja juu ya kioo kidogo cha kamera.

Picha ilishuka ngazi kama mtu anayebebwa. Mashuka yakapita kando bila kutikisika. Na kule mwisho, akija karibu polepole, ametulia kabisa, alikuwapo mwanamume wa fulana iliyotoboka kwapani, grisi mpaka shavuni, amekunja uso kama aliyenusa kitu. Hapakuwa na mtetemo wa kuuficha uso ule. Kila mkunjo ulionekana.

"Ndivyo nilivyo siku hizi?" fundi akauliza.

"Tangu siku ile ya ukumbini," mkewe akasema. Hakusema kwa ukali. Akaigusa nati kwa kidole, akaizungusha kidogo, ikamtii. "Kesho namwambia nakwenda. Na fimbo yangu."

"Najua."

"Kwa hiyo utabaki unanuna, au utanisindikiza stendi?"

"Nitakusindikiza." Akajifuta shavu, akaisambaza grisi zaidi. "Hiyo picha utaifuta?"

"Siifuti. Ndiyo ya kwanza iliyotulia. Lazima nimwonyeshe."

"Nani?"

"Unamjua."

Fundi akaitazama tena ile fulana kwenye kioo, lile tundu la kwapani, akafikiria shati lisilojua kukunjana. Akaweka spana chini.

"Basi ngoja," akasema, akielekea ndani. "Usimwonyeshe hiyo. Rudi pale mlangoni uanze upya, mimi naoga kwanza."