Koleo Jepesi la Dolphine

Koleo la tano lilipovunjika palepale kwenye bawaba, Dolphine Achola alishindwa kuinua macho. Yeye ndiye aliyemshawishi Mulinge, mwenye karakana ndogo pale Kitengela, waachane na koleo zito la chuma la kuvalishia ng'ombe hereni za namba. Watengeneze jepesi la aloi ya zinki: inayeyushwa, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, mkono wa koleo unatoka tayari.

"Ongeza unene hapo," Mulinge alisema.

Dolphine alikipasua kipande kwa msumeno. Ndani kulikuwa na vishimo kama vya mandazi.

"Bosi, penye unene ndipo hewa imejificha. Nataka kupunguza, halafu niweke mbavu nyembamba za kushikilia."

"Unapunguza mahali panapovunjika?"

"Ndiyo."

Kalibu nyingine ikachongwa. Kwa wiki mbili Mulinge alimpa salamu tu, basi.

Juni 2003 wakalipeleka koleo jipya Kajiado, kwa mzee Kisemei, aliyekuwa na ng'ombe arobaini wa kuvalishwa.

"Sopa," mzee alisalimia kwa Kimaasai.

"Epa," Dolphine akaitikia, akimkabidhi koleo.

Kila koleo lilipobana sikio, yeye alibana meno. Kwenye ng'ombe wa kumi na saba, fahali alirusha kichwa. Koleo likaruka, likagonga jiwe, kwato ikalikanyaga. Kisemei aliliokota, akalipangusa kwa shuka, akaendelea na sikio lililofuata.

Arobaini wakaisha. Koleo lilikuwa zima.

Mulinge alicheka kwa sauti. Dolphine hakucheka.

"Mzee, naomba nirudi nalo. Nataka kulikata nione ndani."

"Ukate kitu kizima?" Kisemei alilitia mfukoni mwa koti. "Ile ya zamani ilikuwa inaniumiza mkono. Hii inabaki."

Walipokuwa wakirudi Kitengela, Mulinge alitaja kila duka la dawa za mifugo atakaloliuzia, mpaka Loitokitok.

"Bosi, usiahidi mtu bado," Dolphine akasema. "Kesho tukate mengine matatu kwanza."

"Kesho si ni Jumapili?"

"Nitakuja nikitoka kanisani."