Namba Inayoanza na Nane

Wivu wa uzeeni hauna dawa, na wa Orrin Tvedt ulikuwa umekomaa. Mara mbili wiki ile, akirudi kutoka kununua mbegu, aliona pikapu nyekundu ikitoka nyumbani kwake, namba yake ikianza na nane. Jimboni kwao tarakimu ya kwanza hutaja wilaya ya mwenye gari. Tatu ni ya wilaya yao. Nane ni kule anakokaa Clyde Hruska, aliyekuwa akicheza dansi na Verlene kabla Orrin hajamwoa. Nusu karne imepita, na bado Orrin alimchukia Clyde kama jana.

Akaendesha hadi ofisi ya magari ya wilaya. Miaka yote ukimtajia Dagny, karani wa pale, namba, alikuwa akikupa jina la mwenyewe na umbea juu.

"Siwezi, Orrin. Sheria imebadilishwa. Kumbukumbu za gari la mtu ni siri yake sasa."

"Mke wangu ananitoka, wewe unaniletea sheria?"

Dagny akabana kicheko. "Sheria hiyohiyo inataka wazee wapimwe macho wakihuisha leseni. Yako inaisha leo. Haya, soma ule mstari."

Orrin akasoma kwa kiburi, akakosea wote. Dagny hakutaka kucheka tena. Aliichukua leseni, akapiga simu aje mtu wa kumrudisha nyumbani.

Orrin akakaa kwenye benchi, roho inamuuma. Sasa Clyde ndiye atakayempeleka Verlene kanisani.

Mara pikapu nyekundu ikaegeshwa nje. Kwenye usukani alikuwa Verlene. Pembeni yake Lars, mume wa Dagny, kashikilia mlango kwa mikono miwili. Orrin hakusalimia. Aliinama mbele ya gari hadi pua ikakaribia kugusa kibati cha namba. Tatu.

"Ulidhani nani?" Verlene akauliza.

"Clyde."

"Clyde hata meno hana. Lars ananifundisha kuendesha. Siku ile ulipogonga sanduku la barua ukasema ni ndama, nikajua tumekwisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nakaa garini na mwanamume? Wewe?"

Lars akahamia nyuma. Kwa mazoea Orrin akaushika mlango wa dereva. Verlene hakusogea.

"Zunguka, mzee wangu. Wako ule kule."

Akazunguka. Njia nzima aliitazama mikono ya mkewe kwenye usukani, na wivu ukamkaba kuliko siku zote za Clyde.