Pua ya Aubin

Kila Oktoba, mavuno yakishakwisha, mimi na mume wangu Aubin tulifunga duka letu la mvinyo mjini Nantes, Ufaransa, tukaingia barabarani kuonja. Yeye anaonja, mimi naendesha gari, maana lazima mmoja wetu abaki na akili zake. Wakulima wa mizabibu walimwita Pua. Alikuwa akiinusa glasi mara moja tu, anakwambia zabibu zimetoka upande gani wa kilima.

Mwaka ule tulianzia mkoa wa Champagne, kwenye mvinyo wa mapovu, kwa mjane mmoja karibu na Épernay. Aubin alizungusha glasi, akanusa, akanusa tena.

"Mapovu mazuri," akasema mwishowe.

Mjane alicheka, akidhani anataniwa. Mimi sikucheka. Sikuwahi kumsikia Aubin akisifu mapovu, kitu ambacho hata asiye na pua anakiona.

Alsace tuliwekewa Riesling ya zamani, mvinyo mweupe mkavu ambao ukizeeka hunukia ndimu na mafuta ya taa kwa mbali. Aubin alifumba macho. "Ndimu," akasema. "Na mafuta ya taa kidogo." Alipatia kabisa. Ila glasi ilikuwa bado mezani.

Garini nikamuuliza, "Una mafua?"

"Sina."

"Sasa una nini?"

"Nina mke mwenye maswali mengi. Tazama barabara, Ghislaine."

Sikumwuliza tena mpaka Jura. Huko tulifikia kwa Fulgence, rafiki yetu wa siku nyingi, anayetengeneza ule mvinyo wa njano unaoachwa miaka ndani ya pipa mpaka utando unaota juu yake, na ukifunguliwa chumba kizima kinanukia jozi. Fulgence ana utundu wake. Kila mwaka huchomeka chupa mbovu katikati ya nzuri ili amtege Aubin.

"Haya, Pua! Leo nimekupata!"

Kizibo kilikuwa kimeuharibu ule mvinyo. Ulinuka boksi lililolowa, hata mimi nilisikia nikiwa upande wa pili wa meza. Aubin alinusa, akanywa, akatikisa kichwa taratibu.

"Jozi tupu. Hujawahi kutengeneza mzuri kama huu, bwana."

Fulgence aliacha kutabasamu. Alinitazama, kisha akaichukua ile chupa na kuiweka chini ya meza, kama mtu anayeficha kisu.

"Shemeji," aliniambia kwa sauti ya chini tulipokuwa tunatoka, "huyu mtu anaumwa."

Usiku huo alitulaza katika kijumba chake kilichoko nyuma ya shamba. Asubuhi nilikwenda kununua mkate. Niliporudi, nilimwona Aubin kupitia dirishani, amesimama mbele ya jiko, birika tayari, anatikisa kiberiti. Nikafungua mlango. Gesi ilinipiga usoni mpaka macho yakatoka machozi.

"Usiwashe! Aubin, usiwashe!"

Akageuka. Njiti ilikuwa imeshagusa ubavu wa kiberiti.

"Kuna nini?"

"Gesi! Husikii gesi?"

Akavuta pumzi ndefu, kwa makini, vile anavyovuta juu ya glasi. Uso wake ukabadilika.

"Sisikii kitu, Ghislaine."

Nilimnyang'anya kiberiti, nikafunga jiko, nikamkokota nje. Tulikaa kwenye majani yenye baridi, mimi bado nimekishika kiberiti, yeye ametulia kupita kiasi.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti. Niliamka, kahawa ikawa maji ya moto tu. Nikadhani pua itarudi." Akalifunika jicho la kulia kwa kiganja. "Na jicho la kushoto limeanza kuona ukungu."

Burgundy, tulikokuwa tumepanga kumalizia, hatukufika mwaka ule. Nilimpeleka moja kwa moja hospitalini Besançon, na huko wakakuta uvimbe nyuma ya paji la uso, ukubwa wa yai la njiwa. Walimpasua. Jicho liliokolewa, pua haikurudi. Na kipande kidogo walikiacha, kwa kuwa kimeshikamana na mahali pasipoguswa. Daktari alisema huenda kikalala. Nilipomuuliza kitalala mpaka lini, alianza kupanga karatasi zake.

Oktoba iliyofuata Aubin alitaka twende Burgundy. Safari hii nilionja mimi, natema kila funda kwa sababu ya usukani. Nilinusa ule mvinyo wao mwekundu, mwepesi wa rangi, nikamwambia: cheri, udongo uliolowa, majani yaliyooza kidogo. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani.

"Usiniongezee chumvi," akasema.

Tulipoondoka alilala kitini. Giza liliingia mapema. Kila nilipopata barabara iliyonyooka, niligeuka kumtazama kama bado anapumua.