Mteja Wetu ni Mtoto

Siku ya mtihani wa kujieleza, Sindano aliamka kabla simu haijamwamsha. Jina hilo alipewa na wenzake wa bweni kwa sababu ya wembamba wake, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani huko nyumbani, hakulikataa. Alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya biashara, ugenini, kwa ufadhili wenye sharti moja tu: ukifeli somo, unafunga mizigo.

Mama alipiga simu Sindano akiwa bado anapiga mswaki.

"Umeamka?"

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usiongee kama mtu anayeomba maji kwa jirani. Na pindo usisahau kuwaeleza. Hilo ndilo biashara yenyewe."

Kweli, biashara waliyotakiwa kuitetea ilitoka kwenye cherehani ya mama: sketi na suruali za shule zenye pindo pana, lililokunjwa ndani mara tatu. Mtoto akirefuka, unafumua mkunjo mmoja, nguo inarefuka naye.

Mtihani ulikuwa wa watu wawili wawili. Mwenzake Sindano alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na moja, wa kwao pia, aliyeendesha malori miaka ishirini na miwili mpaka mgongo ukamwambia basi. Darasa zima lilimwita Dereva. Sindano alimwita Baba. Mtu mwenye mvi zile angemwitaje tena? Walipogawana kazi, Dereva alichukua maelezo, Sindano akabaki na maswali.

Sasa, siku ya kwanza ya mazoezi Dereva alisimama, akakohoa, akasema, "Mteja wetu ni mtoto wa shule." Kwenye karatasi Sindano alikuwa ameandika kwamba mteja ni mzazi. Mtoto anavaa tu; anayechagua na anayelalamika ni mzazi. Lakini umwambie baba wa watu amekosea, wewe uliyezaliwa yeye keshachakaza matairi mangapi? Akatikisa kichwa kuitikia. Kesho yake ikawa vilevile. Wiki nzima akafunika kombe.

Asubuhi hiyo walikutana maktaba, kwenye meza ya pembeni karibu na mashine ya kutoa nakala. Dereva alikuwa amevaa koti lililombana kwapani.

"Nitazame, binti. Nafanana na mkurugenzi?"

"Unafanana, Baba."

"Muongo wewe. Nafanana na bwana harusi wa kukodi." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Haya, sikiliza. Mteja wetu ni mtoto wa shule." Akamwangalia kwa juu ya miwani. "Ndiyo hivyo, siyo?"

Neno lilimfika Sindano mpaka kwenye meno, likarudi.

"Ndiyo, Baba."

Saa nne wakaitwa. Nyuma ya meza ndefu walikaa watahini watatu. Wawili waliandika tu. Aliyeuliza alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye nywele fupi. Dereva alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Sketi ikapitishwa mezani, pindo likafumuliwa, likavutwa, likasifiwa.

"Mmesema mteja wenu ni mtoto," mtahini akasema. "Ni mtoto gani huyo anayetaka sketi ya mwaka huu aivae na mwaka kesho kutwa?"

Maswali yalikuwa ya Sindano.

"Kama alivyosema mwenzangu," alianza, "mtoto ni muhimu, na mzazi naye vilevile..."

"Sijauliza nani muhimu. Mwenzako yuko sahihi, au amekosea?"

Sindano alizitazama mvi za Dereva. Akilizungusha jibu tena, watafeli wote wawili, naye atarudi kwa mama na sanduku lake, aseme alishindwa kutamka neno moja.

"Amekosea."

Sauti ilitoka ndogo mno. Akairudia.

"Baba amekosea. Mteja ni mzazi. Mtoto ataichukia hii nguo, yeye anataka mpya kila mwaka kama wenzake. Mama yangu huwashonea kina mama. Hao wakiingia dukani hulikagua pindo kwanza, hata kifungo hawajakiona."

Alipofunguka, hakufungika. Alieleza nani huja dukani, huja lini, huuliza nini, mpaka mtahini akainua mkono.

"Inatosha, mmepita. Lakini nyinyi wawili, kwani hamkufanya mazoezi?"

Waliichukua sketi yao, wakatoka.

Nje kwenye korido Sindano hakuweza kuinua macho. "Baba, nisamehe. Sikukusudia kukuvunjia heshima..."

"Heshima gani! Wiki nzima nangoja uniambie." Dereva alikuwa anahangaika kulivua koti. "Karatasi yako ilisema mzazi. Siku ya kwanza ulimi uliteleza tu. Nikakutazama, ukaitikia. Nikasema, aa, msomi kabadilisha mawazo, mimi wa malori nitajua nini? Nikafuata. Kila siku nakutazama, kila siku unaitikia! Ulikuwa unaitikia nini?"

"Nilikuwa naitikia mvi, Baba."

Dereva alicheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka kuwatazama.

"Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Haya, nimechutama. Wiki ijayo tuna kazi nyingine pamoja, na rasimu yangu unayo. Kuna nilichokosea ukanifichia?"

Sindano alivitazama viatu vyake.

"Kipo."

"Kimoja?"

"Vinne."

"Vinne!" Dereva akakaa kwenye benchi kwa kishindo, akaitafuta kalamu mifukoni. "Kaa hapa. Anza na kile kibaya kuliko vyote."

Sindano akakaa, akaitoa rasimu mkobani.

"Ukurasa wa pili, Baba," alisema. "Wote."