Neno la Wiki

Florence alifanya kazi katika chumba cha mawe nyuma ya ghala la shirika la misaada, mjini Garsen, na mezani pake palikuwa na redio mbili. Ile kubwa ilizungumza na mbali: ofisi ya Malindi, Hola, Nanighi, hadi Bangale kule juu. Ile ndogo ilifika vijiji vya mtoni tu, Wema na jirani zake, kwa kuwa vijiji hivyo viko bondeni na redio zao zilikuwa za kushika mkononi. Malindi haikuweza kuisikia Wema, wala Wema kuisikia Malindi. Maneno yote baina yao yalipita kwa Florence.

Hazikuwa redio za kila mtu. Ukibonyeza namba ya kundi, mashine zote za kundi hilo zililia pamoja, na nyingine zilikaa kimya. Mwanzoni kundi lilikuwa moja. Kisha wakati wa ukame ofisi ikatangaza kwamba mahindi yatagawanywa Garsen, mto mzima ukasikia kwa mara moja, na wafugaji Waorma na wakulima Wapokomo wakafika ghalani asubuhi moja. Watu walikatwa mapanga pale mlangoni. Baada ya hapo mratibu wa shirika, Bwana Zakaria, akaligawa bila kuvitangazia vituo. Wafugaji wakawa kundi la malisho, wakulima wakawa kundi la mto, na Garsen pekee ndiyo iliyosikia yote mawili.

Akaongeza sharti moja. Kila kundi lingekuwa na neno la wiki. Neno hilo alilijua yeye na mwenyekiti wa kamati wa kila kijiji, nao waliambiwa kwa mdomo, maneno ya wiki zote nne kwa pamoja, kwenye mkutano wa mwezi. Tangazo likija bila neno, kijiji kisilifuate. Florence mwenyewe hakuambiwa. Alilisikia pale tu lilipopita mikononi mwake kwenda kwa wenyewe. Mpango huo ulipendwa ofisini. Kwa mwaka mzima hapakuwa na vita ghalani.

Kisha ikaja mvua ya Elnino, mwishoni mwa tisini na saba. Barabara ya Malindi ikakatika, magari ya Lamu yakakwama, na maji yakajaa mabondeni yakatulia. Wazee wakasema mto umeshakunywa na umeshiba.

Jumatatu asubuhi redio kubwa ikalia mlio wa kundi la malisho. Aliyeita alikuwa Guyo, Muorma aliyeshika kituo cha Nanighi. Florence hakuwahi kumwona, lakini walisalimiana kila siku na alimjua kwa kikohozi chake.

"Vituo vyote, hapa Nanighi. Mto umevunja kingo huku. Haya si maji ya juzi. Walio chini wahamishe watoto na mifugo, wasingoje. Ova."

Florence akamwita peke yake. "Guyo, umeyaona mwenyewe?"

"Nimeyaona, dada. Boma la mjomba wangu limekwenda, na mbuzi wote. Yatachukua siku chache kufika kwenu. Waambie watu."

Florence akaita Malindi papo hapo. Bwana Zakaria alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema ujumbe wa Nanighi ulikuwa wa kundi la malisho na umeshawafikia wenyewe.

"Maji hayajui kundi, bwana," Florence akasema.

"Najua. Lakini nikiwaambia wakulima wahame, halafu maji yasije, na ng'ombe wakaingia kwenye mpunga, damu itakayomwagika itakuwa juu yangu. Ngoja nithibitishe na watu wa mabwawa ya umeme kule juu. Nikipata jibu nitakupa ujumbe na neno. Wewe usipeleke kitu."

Florence akangoja siku hiyo nzima. Kesho yake akaona kwa dirisha ng'ombe wakipita Garsen, makundi kwa makundi, matope hadi tumboni, vijana wa Kiorma wakiwaharakisha. Wale walikuwa wamesikia na kuondoka, bila kungoja neno. Akachukua redio ndogo akaita Wema.

Mshika redio wa Wema alikuwa Alice, mke wa Caleb, na Caleb alikuwa mdogo wake Florence wa tumbo moja. Walioana mwaka uliotangulia. Alice alikaa na redio katika chumba cha zahanati ya kijiji, akipokea habari za dawa na za unga.

"Wifi," Florence akasema, "maji makubwa yanakuja. Mwambie Mzee Hiribae watu wapande kwenye mwinuko."

Alice akauliza: "Neno?"

"Sina neno. Nina habari."

"Ngoja nimwite."

Mzee Hiribae alikuwa mwenyekiti wa kamati, mtu wa kanisa, aliyezika mwanawe mmoja baada ya vita vya ghalani. Alikuja akashika redio mwenyewe.

"Binti yangu, habari hii imetoka kwa nani?"

"Nanighi, mzee. Guyo ameyaona kwa macho."

"Guyo ni Muorma." Hakuisema kwa hasira. "Tangu jana ng'ombe wao wanapita hapa nyuma yetu. Wako pale juu kwenye mwinuko, wanautazama mpunga. Na leo tunaambiwa tuuache tuondoke. Wewe ungekuwa mimi ungesemaje?"

"Ningehama, mzee."

"Ofisi ilituambia nini? Bila neno msisogee. Likija neno, mimi ndiye nitakayetangulia."

Florence akaita Malindi tena. Karani akamwambia mratibu yuko mkutanoni. Jioni akaita, akaambiwa bado majibu ya mabwawa hayajapatikana. Jumatano asubuhi hakupata mtu kabisa, ila mngurumo wa hewa. Mtoni, gogo la kupandia mitumbwi ambalo jana lilikuwa kavu lilikuwa limezama. Akawaza mama yake, aliyekuwa Wema pamoja na Caleb. Akawaza kwamba pengine Mzee Hiribae akimwona uso kwa uso atamwamini. Akafunga chumba kwa kufuli, akamwomba mvuvi mmoja amteremshe kwa mtumbwi.

Kwenda chini kulikuwa rahisi mno, na urahisi huo ndio uliomtisha. Mtumbwi ulikwenda kama unaovutwa. Alasiri walifika Wema, wakakuta watu mashambani wakivuna haraka haraka mpunga ambao haujakomaa. Yule mvuvi hakutaka hata kushuka. Akaendelea na safari yake.

Florence alisema nao pale mbele ya kanisa. Alisema kuhusu boma la mjomba wa Guyo, na gogo lililozama Garsen. Wanawake kadhaa wakaanza kufunga mizigo, mama yake akiwa wa kwanza. Lakini waume wengi walimtazama Mzee Hiribae, na Mzee Hiribae akatikisa kichwa.

"Tunakupenda, Florence. Wewe ni mtoto wa hapa. Lakini redio haijaleta neno hadi leo. Kama ofisi ingejua jambo, redio ingelia."

Alice alikuwa amesimama pembeni, redio imening'inia shingoni. Ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, akimwambia Florence peke yake:

"Wifi. Kama wewe uko hapa, nani yuko Garsen?"

Florence akashika ufunguo uliokuwa mfukoni. Hapakuwa na mtu Garsen. Huenda neno lilikuwa limekwisha kutoka Malindi, linalia ndani ya chumba alichokifunga kwa mkono wake, na hapa chini watu wazima wanangoja mlio ambao hakuna mwingine wa kuupitisha ila yeye.

"Caleb," akasema, "nirudishe. Sasa hivi."

Caleb alikuwa na mtumbwi mzuri na mikono ya kuupandisha mto. Akamgeukia mkewe. "Twende wote watatu."

"Nikiiacha redio, neno likija atalipokea nani?" Alice akasema. "Nendeni. Mama yenu nitampandisha juu mimi mwenyewe."

Caleb akamvua kanga begani, akaikunja vizuri, akamrudishia. Ndivyo walivyoagana.

Kupanda kulikuwa kazi. Mto uliwarudisha nyuma kila walipopumzisha kafi, wakawa wanajivuta kwa matawi na mafunjo. Giza lilipoingia walijifunga kwenye mti, na kulipopambazuka wakaendelea. Walipofika Garsen asubuhi maji yalikuwa yamefika nyuma ya ghala. Kabla hajaufikia mlango, Florence aliisikia redio kubwa ikilia ndani. Akafungua kufuli, akaitika.

"Garsen, tunakuita tangu jana asubuhi," Bwana Zakaria akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Nipe neno."

"Nilipeleka ujumbe mara tu nilipothibitisha. Nimeita hadi betri—"

"Nipe neno kwanza, bwana. Nitajibu baadaye."

"Kambare," akasema. "Neno ni kambare. Wahame wote."

Florence akabonyeza namba ya kundi la mto, na redio za vijiji vyote zikalia pamoja. "Vituo vyote vya mto, hapa Garsen. Neno ni kambare. Hameni sasa hivi, msichukue kitu. Ova."

Vijiji vikaitika kimoja kimoja. Alice aliitika haraka, kama aliyekuwa ameishika redio kinywani. "Wema nimepata. Kambare. Wifi, maji yameingia mashambani. Namwambia mzee."

Baada ya kitambo akarudi, anahema. "Mzee amekubali. Analia. Anapiga kengele ya kanisa mwenyewe. Mama yuko juu tangu jana. Nyumba za chini bado, nangoja zitoke ndipo nithibitishe."

Hilo nalo lilikuwa sharti la Bwana Zakaria: kila kituo kithibitishe kwamba ujumbe umewafikia watu wote.

"Usithibitishe chochote," Florence akasema. "Iache redio, ondoka."

"Ofisi itauliza."

"Alice, ondoka."

Caleb alikuwa amesimama mlangoni, nguo zimegandamana mwilini, kafi bado mkononi. Akaingia akaichukua redio kwa dada yake. "Alice, ni mimi. Ondoka hapo."

Wakasikia kengele, na watu, na sauti nyingine nyuma yake ambayo hawakuielewa. Alice akasema, "Nawaona wa mwisho, wana..." Redio ikakatika. Caleb akaendelea kuita hadi betri ikafa.

Waliopona walipona juu ya mwinuko, katikati ya ng'ombe wa Waorma, ambao waliwakamulia watoto maziwa siku zote walizokaa pale kabla helikopta haijafika. Zahanati ilikuwa ya udongo. Ukuta wake ulianguka kwa upande wa mto, na Alice akapatikana maji yalipopungua, yeye na bibi wawili wa nyumba za chini, na watoto waliokuwa wameshikana.

Shirika lilifanya kikao Garsen. Bwana Zakaria alikuja kwa ndege ndogo, amekonda, akasema kwa utaratibu. Alisema ujumbe wa Nanighi uliwafikia wote waliokusudiwa. Alisema ujumbe wa Wema ulitolewa Jumatano asubuhi, mapema kabisa kabla ya maji. Alisema kituo cha Garsen hakikuwa na mtu. Florence alisikiliza akitafuta uongo katika maneno hayo, asiuone hata mmoja. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Niliomba neno siku mbili." Wakaandika hilo pia. Wakamwachisha kazi.

Siku aliyokwenda kuchukua vitu vyake alimkuta mwanamume mrefu mwembamba akimngoja nje ya ghala. Akakohoa, na Florence akamjua.

"Nimekuja kwa miguu," Guyo akasema. "Nimesikia yaliyotokea Wema. Dada, mimi sikujua. Nilipobonyeza nilidhani nimewaamsha watu wote, hadi baharini. Hakuna aliyetuambia sisi kwamba wenzetu hawasikii."

"Na watu wa Wema hawakuambiwa kwamba nyinyi mnasikia," Florence akasema.

Wakakaa kwenye ngazi za ghala. Mle chumbani fundi alikuwa akijenga ukuta wa mbao katikati. Ofisi ilikuwa imeamua Garsen iwe na washika redio wawili, mmoja wa kila kundi, kila mmoja na mlango wake, ili mtu mmoja asibebeshwe tena kazi ya wawili.

Ibada ya kumkumbuka Alice ilifanyika Wema, chini ya turubai la msaada, kwa kuwa kanisa lilikuwa limejaa matope. Mzee Hiribae alishindwa kusoma somo, akasomewa. Caleb alisimama akashukuru watu: wafugaji waliotoa maziwa, marubani, wachimba kaburi. Dada yake hakumtaja. Baada ya sala Florence alimfuata hadi kwenye mitumbwi.

"Nitukane," akamwambia. "Afadhali unitukane."

Caleb aliendelea kukaza kamba. "Nitakutukana kwa lipi? Ungekaa Garsen, neno lingefika Jumatano na Alice angekuwa hai. Na kama lisingefika kabisa, na wewe umekaa tu, ningekuchukia kwa kukaa. Yote hayo nayajua, dada." Akanyoosha mgongo, macho yake yakiwa mtoni. "Lakini ni wewe uliyenitoa pale. Nikikuona uso, naona mtumbwi unaondoka. Usije kwangu kwa sasa."

"Hadi lini?"

"Sijui."

Akasukuma mtumbwi, akavuka ng'ambo kwenye shamba lake, ambako hakukuwa na kitu ila mchanga. Florence alirudi polepole kwenye turubai. Wanawake walikuwa wameanza kuosha sufuria za chakula cha matanga, mama yake miongoni mwao. Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna aliyemfukuza. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye matope, akavuta sufuria iliyokuwa karibu.